Rufiji: maji yanatoka mkono upi? Tunajibu maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelekea mto mmoja. Tumechagua saba na kuzifupisha. Majina ya waandishi tumeyaacha, lakini mahali wanapoandikia tumepabakiza, kwa sababu kwa Rufiji jibu huanzia hapo. Anayekaa Mbarali, anayekaa Ifakara na anayekaa Muhoro wote ni watu wa bonde moja, ila maji yao si yale yale.

Mwalimu wa jiografia, Mbeya: "Vitabu viwili ninavyofundishia vinapingana. Kimoja kinasema Rufiji unaanzia huku kwetu Uporoto, kingine kinasema unaanzia Shuguri. Niwaambie nini wanafunzi? Na mto upi hasa ndio unaoulisha Rufiji?"

Mwalimu, vitabu vyote viwili vina ukweli, ila kila kimoja kinajibu swali lake. Jina "Rufiji" linaanza pale Kilombero na Luwegu inapokutana, juu kidogo ya maporomoko ya Shuguri. Ruaha Mkuu ndio unaotoka huko kwenu Uporoto na Kipengere. Unapita tambarare ya Usangu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unafika bwawa la Mtera, unashuka hadi la Kidatu, kisha unaungana na Rufiji juu ya korongo lililoitwa zamani Stiegler, ambako sasa limesimama Bwawa la Julius Nyerere.

Swali lako la pili ndilo linalopaswa kutangulia ubaoni. Bonde zima lina kilomita za mraba 177,420. Ruaha Mkuu peke yake umechukua kama 84,000, karibu nusu. Kilombero una kama 40,000, Luwegu kama 26,000, na zilizobaki ni za Rufiji ya chini. Sasa pima maji badala ya ardhi: Kilombero hutoa kama asilimia 62, Luwegu 18, na Ruaha Mkuu 15 tu. Mto wenye nusu ya ardhi unaleta chini ya moja ya sita ya maji.

Sababu ni milima. Pepo zenye unyevu kutoka baharini hupanda Udzungwa, Mahenge na nyanda za juu za Mufindi na Njombe, na hapo huangusha mvua. Maji hayo yanateremka kwa Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi na vijito vingi vifupi hadi kwenye Kilombero. Ruaha Mkuu, ukishatoka kwenye milima yenu, sehemu kubwa ya bonde lake iko nyuma ya ukuta huo, upande wa Iringa na Dodoma. Huko mvua ni za msimu mmoja na jua ni kali. Hata hivyo mto huo ndio uliotangulia kupata mabwawa makubwa, ndio maana magazeti huutaja zaidi. Mtu akikuambia habari yoyote ya Rufiji, iwe mafuriko, ukame au umeme, muulize kwanza: mkono upi?

Kwa darasa, tumia ramani ya 1:50,000 yenye mistari ya kontua na uchague mto wa karibu kama Chimala au Kimani. Wanafunzi waanze mahali mto unapoishia kwenye ramani, wapande nao kwa penseli. Kontua zinapovuka mto huchongoka, na ncha daima huelekea juu mto unakotoka. Kisha wachore mpaka wa bonde dogo kwa kufuata vilele na migongo ya vilima. Kosa la kawaida ni kukata mto katikati: mpaka sahihi hauvuki mto popote isipokuwa mahali pale pa kuanzia. Urefu wa mto upimwe kwa uzi uliolowanishwa kidogo ili ukae kwenye kona, halafu unyooshwe kwenye rula. Sentimita 2 ni kilomita 1.

Mkazi wa Kidatu: "Wilaya yetu ni Kilombero, kiwanda cha sukari ni cha Kilombero, lakini wazee wanasema mto unaopita hapa ni Ruaha. Nani yuko sahihi?"

Wazee. Maji yanayopita Kidatu na katikati ya mashamba ya miwa ni ya Ruaha Mkuu. Kilombero wenyewe uko kusini yenu, ndio unaovukwa kwa Daraja la Magufuli kule Ifakara. Si jambo dogo: tangazo la kufunguliwa maji Kidatu halimhusu mtu wa Ifakara, na mafuriko ya Ifakara hayawezi kulaumiwa kwa Mtera. Na msichanganye tena na Ruaha Mdogo, ule unaopita Iringa mjini, ambao huingia Ruaha Mkuu kabla ya Mtera.

Mkulima wa mpunga, Mbarali: "Kila mwaka tunaambiwa sisi wakulima ndio tumeukausha Ruaha. Lakini mvua zikianza, mto huo huo unafurika hadi kuzoa majaruba. Maji yanapotea vipi? Na mkulima mmoja anaweza kufanya nini?"

Ndugu mkulima, maji ya wakati wa mvua si ugomvi wa mtu. Ugomvi ni maji ya Julai hadi Novemba.

Ruaha, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera zote hatimaye humwaga maji kwenye ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, kizingiti cha mwamba kinachoitwa N'giriama. Fikiria sinia lenye ukingo wa jiwe. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto unaendelea kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya ukingo hata kwa upana wa kidole, hakuna tone linalotoka, ingawa ndani ya sinia bado kuna maji mengi ya kutazama. Mto ulikauka hifadhini mwishoni mwa 1993, na tangu hapo hali hiyo imejirudia kiangazi baada ya kiangazi. Viboko hubanana kwenye vidimbwi vya matope, na chini yake mto ni mchanga mtupu.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kwenda kwenye mfereji. Banio la zamani la magogo, mawe na majani lilikuwa linavuja. Liliwaumiza wakulima kwa kubomoka kila mvua, lakini kiangazi lile vujo ndilo lilikuwa fungu la mto. Banio la zege halivuji. Mto ukiwa mdogo, linaweza kuugeuza wote kwenye mfereji, usiku na mchana, hata kama mashamba yamekwisha kuvunwa. Maji hayo huishia kwenye mchanga, kwenye magugu na kwenye jua. Banio la zege lisilofungwa vizuri baada ya mavuno linadhuru kuliko lile la magogo, na tunasema hivyo tukijua zege lilijengwa kwa nia njema.

Cha kwanza ni kupima mfereji wenu, kwa sababu kibali cha kutumia maji kinachotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 huandika lita kwa sekunde, na wengi hawajui wanachukua ngapi. Chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10, kisicho na majani. Pimeni upana wa maji na kina mara tatu (kushoto, katikati, kulia), kisha mpate wastani. Tupeni chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza. Chungwa huzama kiasi, kwa hiyo upepo hauliyumbishi kama unavyoyumbisha jani au kipande cha boksi. Hesabuni sekunde hadi alama ya pili, mrudie mara tano.

Tuseme upana ni mita 1.2, kina 0.4, na chungwa limetumia sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha 1.2 kwa 0.4 kwa 0.4, unapata mita za ujazo 0.192 kwa sekunde. Maji ya chini na ya pembeni huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.8. Jibu ni karibu 0.154, yaani lita 154 kila sekunde. Linganisheni na kibali.

Cha pili ni usiku. Mfereji unaopitisha lita 50 tu kwa sekunde bila mtu shambani, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, hupoteza mita za ujazo 2,160. Hizo zinatosha kujaza hekta 2 za majaruba kwa kina cha sentimita 10 na kubaki. Jumuiya ya watumia maji ikiweka zamu ya kufunga banio usiku na baada ya mavuno, faida inaonekana msimu huo huo. Lango likiwa limepinda au limeota kutu hadi halishuki, tengenezeni hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Msomaji, Dodoma: "Nikipita Mtera naona maji hadi upeo wa macho, lakini nasikia umeme wake ni megawati 80 tu. Bwawa la Nyerere ni 2,115. Tofauti inatoka wapi? Na wanaposema 'mita 690' wana maana gani?"

Ukubwa wa ziwa si ukubwa wa umeme. Umeme ni maji mangapi yanapita kwa sekunde, mara kimo yanachoangukia. Chukua 9.81, zidisha kwa mita za ujazo kwa sekunde, zidisha kwa kimo kwa mita, kisha kwa ufanisi wa mitambo, tuseme 0.9. Unapata kilowati. Kidatu maji huanguka kama mita 175, kwa hiyo kila mita ya ujazo kwa sekunde hutoa megawati 1.5 hivi. Kihansi huanguka kama mita 850, na kiasi kile kile cha maji kinatoa 7.5. Ndiyo maana Kihansi, wenye bwawa dogo, hutoa megawati 180 kwa mita za ujazo kama 24 tu kwa sekunde, wakati Kidatu kutoa 204 huhitaji zaidi ya 130.

Mtera ulijengwa kwanza kuwa ghala la Kidatu. Kidatu ulianza mwaka 1975, Mtera ukafuata ili kuhifadhi maji ya mvua yatumike kiangazi, na mitambo yake ya megawati 80 ikaja 1988. Tone moja linafanya kazi mara mbili, Mtera kisha Kidatu.

Ubaya wa ghala hili ni kwamba ni pana na halina kina. Likijaa lina kama kilomita za mraba 600. Kila sentimita 1 jua linayokausha ni mita za ujazo milioni 6, sawa na maji ya Kidatu kuzalisha kwa nguvu zote kwa nusu siku. Mtu akisema Mtera umeshuka sentimita 10, usicheke.

Hizo mita 690 si kina. Ni kimo cha uso wa maji kutoka usawa wa bahari. Mtera ukijaa huwa 698.5, na 690 ndicho kiwango cha chini kilichowekwa kwa kuzalisha umeme. Kwa hiyo nchi ilikuwa ikihesabu mita 8.5 tu, na mwaka 2006 zilipokwisha tulikaa gizani kwa mgao. Ukisoma habari, toa 690 kwenye namba uliyopewa. Linalobaki ndilo la kutumia. Kwa Bwawa la Nyerere mipaka ni 163 na 184.

Kuhusu zile 2,115: ni mitambo 9, kila mmoja megawati 235, yote ikizunguka kwa pamoja. Makadirio ya mwaka ni gigawati-saa 5,920. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka, unapata wastani wa megawati kama 676. Maji ya Rufiji hayatoshi kuzungusha mitambo yote tisa mwaka mzima. Faida ni kuizungusha mingi jioni watu wanapowasha taa na majiko, na kuipunguza usiku wa manane. Anayekuambia mitambo kusimama ni dalili ya kuharibika anakutisha bure.

Mwanafunzi, Mlimba: "Ni kweli bwawa la Kihansi lilimaliza chura?"

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Chura wa Kihansi ni mdogo, hafiki sentimita 3, na jike huzaa watoto hai badala ya kutaga. Aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye majani yaliyoloweshwa saa zote na rasharasha ya maporomoko. Mwaka 2000 karibu asilimia 90 ya maji yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo na rasharasha ikakatika. Mwaka huo huo vyura 499 walipelekwa Marekani wazalishwe. Korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza, na idadi ikaanza kurudi, kisha 2003 wakaporomoka ghafla huku ugonjwa wa fangasi wa ngozi ukionekana. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na kuanzia 2012 wale waliozalishwa nje wakaanza kurudishwa. Mabomba yale bado ni ya lazima: yakiziba kwa mchanga, majani hukauka.

Mkulima, Muhoro: "Tuliambiwa bwawa litatuondolea mafuriko. Aprili 2024 nyumba zetu na mahindi vilikwenda na maji. Je, ni bwawa lililotufurisha?"

Pole sana, ndugu yetu, wewe na majirani zako wa Rufiji na Kibiti. Swali hili linastahili jibu lililonyooka.

Bwawa linazuia mafuriko kwa nafasi iliyo tupu, si kwa ukuta wake. Kati ya mita 163 na 184 kuna nafasi kubwa mno. Likiingia msimu wa mvua likiwa chini, linaweza kumeza mafuriko madogo na ya kati bila ninyi kujua. Likiingia Machi likiwa karibu na 184, limekwisha kuwa kama mto wa kawaida: kinachoingia lazima kitoke, kwa mitambo au kwa utoro wa maji, yaani njia ya kumwaga maji ya ziada. Kulizuia zaidi ya hapo ni kuhatarisha tuta la mita 131, na likivunjika hilo hapana Muhoro tena. Mwaka ule mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 2023, na masika yakaja juu yake.

Kwa hiyo mvua ndiyo iliyoleta maji, lakini saa na kasi ya kufika kwenu zilitegemea pia mageti. Hapo ndipo mwananchi ana haki ya kudai. Kwa maoni yetu, kimo cha bwawa kinapaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji kila wiki kuanzia Januari, pamoja na kiasi kinachotolewa, na kufunguliwa kwa mageti kutangazwe siku kadhaa kabla, kwa redio na kwa vipaza sauti vya misikiti. Hakuna ugumu wa kiufundi hapo.

Nanyi mfanye hivi. Mwisho wa Februari ulizeni namba moja: bwawa liko mita ngapi? Likizidi 180 na Kilombero bado unapokea mvua, pandisheni mbegu na chakula mapema. Ulizeni na Ifakara, kwa sababu mkono ule ndio wenye asilimia 62, na bonde lake pana huyashika maji kwa muda kabla ya kuyaachia. Habari za mvua ya Dodoma hazitawasaidia sana. Mkaweke mti wenye alama za sentimita 10 kwenye ukingo, usomwe asubuhi na jioni. Maji yakipanda kwa kasi ile ile mara tatu mfululizo, msisubiri ya nne.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye picha za magazeti. Mafuriko madogo ya kila mwaka ndiyo yaliyokuwa mbolea yenu. Yalijaza maziwa ya Ruwe, Utunge na Zumbi, yakaingiza kambale na perege, na yakiondoka mkapanda mlau, yale mazao ya baada ya mafuriko, kwenye unyevu wake. Bwawa linamudu kuyazuia hayo madogo kuliko makubwa, kwa hiyo mnaweza kukosa lile jema na bado mkapata lile baya. Tope nalo hutuama nyuma ya tuta, na maji yaliyotoka bila tope huchimba kingo. Shamba lililo kona ya nje ya mto lisogezwe nyuma. Panapaswa kuwe na mafuriko ya makusudi, ya kipimo, yenye tarehe inayojulikana, ili mkulima wa mlau apate chake.

Mkazi wa delta, karibu na Nyamisati: "Maji ya kisima na ya mto yana chumvi miezi mingine, miezi mingine hapana. Bwawa limebadilisha nini?"

Huko kwenu mito miwili inasukumana, mmoja wa maji baridi na mmoja wa bahari. Bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana, ikija wakati mto ni mdogo, chumvi hupanda mbali ndani ya vijito. Kwa kuwa mitambo huachia maji hata kiangazi, mtiririko wa Septemba na Oktoba unaweza kuwa mkubwa kuliko zamani, na chumvi ikarudishwa nyuma. Lakini mafuriko ya masika ndiyo yaliyokuwa yakisuuza chumvi kwenye udongo wa mashamba ya mpunga. Yakipungua, mto unaweza kuwa mtamu na shamba likabaki na chumvi.

Mikoko hukuonyesha mpaka. Mkandaa na mchu huvumilia chumvi kali. Mkomafi ukistawi, mara nyingi maji baridi yanafika. Ukiona miti iliyozoea maji baridi inakauka upande mmoja wa kijito, usifungue shamba jipya la mpunga hapo.

Maji ya matumizi tekeni wakati wa maji mafu (siku bahari isipojaa sana), mwisho wa kupwa, si bahari inapoanza kujaa. Tekeni juu juu, kwani maji ya chumvi ni mazito na hulala chini. Kisima kisichimbwe kwa kina ili kupata maji mengi: kwenye mchanga wa delta maji baridi hukaa kama tabaka juu ya ya chumvi, na ukilitoboa hilo tabaka kisima kimeharibika. Visima viwili vifupi, vikitekwa kwa zamu, ni bora kuliko kimoja kirefu.